Kompyuta Iliyoona Kabati

Jumapili, 2 Machi

Nimenawa mikono mara mbili tangu nifunge kompyuta, na sijashika kitu chochote kichafu.

Niandike ilivyokuwa, kabla hasira haijaanza kuipamba.

Saa kumi, kama kila Jumapili, nilimpigia mdogo wangu. Ilikuwa mara ya tatu tunaonana kwa video tangu ninunue kompyuta hii mpakato. Jina zuri – kitu cha kupakatwa kama mtoto – ingawa yangu inaunguza mapaja na huwa naiweka mezani. Kabla ya hapo, miaka yote ya ugeni wangu, tulikuwa sauti tu. Yeye alirudi nyumbani vita vilipokwisha. Mimi sikurudi: kwanza haikuwezekana, halafu watoto, halafu magoti. Kwa hiyo yeye ndiye macho yangu. Hukaa barazani kwa baba akanieleza kivuli kimefika wapi, nani kapita, mpapai upi umeanguka. Na katikati ya maneno, upepo ukivuma, mlango wa uani hulia. Mlango ule ulilia tangu tukiwa wadogo: mlio mrefu unaoanzia chini na kupanda, kama mtu anayeuliza swali asilotaka kujibiwa. Mimi humwambia, "Utie mafuta, jamani." Naye hujibu, "Nikiutia mafuta, wewe utasikia nini huko?" Tunacheka. Kila Jumapili.

Leo alikuwa amenyoa, amevaa kofia, amekaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Nyuma yake ukuta mtupu. Tuliongea habari za magoti yangu na meno yake. Kisha akasema, "Upepo huu nao. Ngoja, dada." Akanyoosha mkono wa kulia. Simu yake, aliyokuwa ameiegemeza kwenye kikombe, ikateleza kidogo, nami nikaona kabati. Kabati la nguo, la mbao za bei rahisi. Akalifungua polepole: ndani taulo zimekunjwa, na chupa ya dawa ya kikohozi. Likalia. Akalifunga. Likalia tena.

Ndio mlango wa uani huo.

Akanigeukia na uso wa mtu aliyetoka kufunga mlango. Hakujua. Anadhani kamera inaona uso tu. Mkono wake umefanya kwa mazoea kile ulichokuwa ukifanya siku zote tulipokuwa hatuonani.

Nikasema, "Utie mafuta." Akatoa jibu lake. Nikacheka – na kicheko hicho ndicho kinachonitia kichefuchefu kuliko kabati lenyewe.

Jumatatu, 3 Machi

Naiuza.

Asubuhi nzima nimekuwa nikizipitia sauti zake kama nilivyokuwa nikipitia prufu, kurasa za majaribio, kiwandani kwa uchapaji, kidole kwenye mstari. Njiwa wa paani. Maji yakimiminwa kwenye pipa. Kuku wa jirani aliyekuwa anaingia sebuleni, na yeye kumfukuza kwa "shh!" – nilikuwa namwonea huruma yule kuku. Mdogo wangu utotoni alikuwa anaweza kuiga chochote. Alimwiga mwalimu mkuu akipenga kamasi mpaka darasa zima likasimama. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia makofi mengi kuliko wote. Leo nashangaa nini?

Nashangaa chombo hiki. Simu yangu ya kubonyeza haikuwahi kunifanyia hivi. Ilileta sauti, ikanyamaza. Hiki kina kijicho juu, cheusi, chenye maji, kama cha samaki wa jana. Kina kiboksi pembeni ambamo bibi kizee mmoja hunikodolea macho muda wote ninapoongea, kidevu kimelegea, na ninapotazama pembeni naye anatazama pembeni. Mfuniko unashika alama za vidole hata usipougusa. Kila ninapokifungua kinaniuliza kama ningependa kuanza upya. Nisingependa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Nikikiuza, tutarudi simuni, yeye atarudi barazani, na nyumba itasimama tena. Nikikiweka, Jumapili nitakaa hapa nikimtazama akinidanganya mbele ya macho yangu.

Ila hata nikikiuza, mimi nimeshaona.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia binti wa mdogo wangu. Nilijipanga kuzungukazunguka kwanza, hali ya hewa, watoto. Sikuweza. Nilimuuliza moja kwa moja: baba yako anaishi wapi?

Akauliza, "Umeliona kabati, shangazi?"

Kumbe analijua. Kumbe ukoo mzima unalijua kabati hilo, na mimi peke yangu ndiye mwenye mlango.

Nyumba ya baba haipo. Ilivunjwa kupisha barabara, binti huyu akiwa bado hajaolewa. Sasa mwanawe mkubwa anaota ndevu. Alama nyekundu ukutani, siku chache za kuhamisha vyombo, halafu katapila. Baba yake alikaa kando ya barabara kwenye kiti mpaka ukuta wa mwisho ulipolala. Jumapili iliyofuata nilipiga simu, kama kawaida, nikauliza kivuli kimefika wapi. Akanijibu kimefika kwenye ngazi.

"Ndivyo ilivyoanza, shangazi. Alisema atakuambia wiki ijayo."

Anaishi chumba kimoja jengo analoishi binti yake, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta. Na kabati je? Hapo binti akaanza kucheka, halafu akaona haya. Walikwenda pamoja sokoni kwa mafundi seremala. Mzee akafungua na kufunga kila kabati, ametega sikio, amefumba macho. Fundi akamwambia, mzee wangu, hayo mengine ndiyo mazima, hilo bawaba zake mbovu. Akasema, "Zima silitaki." Likabebwa. Na lilipoanza kunyamaza kwa kutumika, akawa anapaka bawaba maji ya chumvi zishike kutu.

Maji ya chumvi! Mtu mzima, babu wa watu, anapaka bawaba maji ya chumvi ili anidanganye vizuri.

Binti ananiomba turudi kwenye simu ya sauti. Tangu mambo ya video yaanze, anasema, Jumamosi baba hali chakula. Anahamisha kitanda. Amenyoa ndevu alizokuwa nazo maisha yote ili nisiulize mbona zimekuwa nyeupe. "Huyu mtu anafurahi Jumapili tu, shangazi. Usimwondolee."

Nikamwambia mimi sijamwondolea mtu chochote. Mimi ndiye niliyeondolewa nyumba na katapila na sikuambiwa.

Akasema, "Ndiyo, shangazi." Kwa ile sauti wanayotumia watoto wenye adabu kumnyamazisha mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Dukani. Yule muuzaji ninamwita Bwana Waranti, kwa sababu siku niliponunua neno hilo la dhamana lilimtoka kinywani kila alipopumua. Leo nilipolitaja mimi, alinitazama kama nimetaja ndugu yake aliyefungwa jela.

Duka lake linanuka plastiki moto na soksi. Alikuwa na kijiti cha meno, akakitoa, akakiweka juu ya kaunta, juu ya kaunta kabisa, akaishika kompyuta yangu. Akaipuliza. Akapitisha ukucha katikati ya vitufe, akautazama ukucha.

"Boksi lilifunguliwa, mama."

"Ningeitumiaje bila kufungua boksi?"

"Ndiyo, ila sasa ni mtumba."

"Wiki tatu?"

"Hata siku moja, mama. Kitu kikishatoka boksi ni mtumba."

Nikamwambia mimi nilitoka boksi kabla baba yake hajazaliwa na bado natumika. Alicheka, mate yakaruka kwenye skrini. Akaifuta kwa kiganja. Akataja nusu ya bei. Kwa nusu hiyo nilikuwa nikisoma prufu miezi, miezi ya kalenda za mbegu na vitabu vya hesabu, macho yakiniwasha. Akasema, kwa heshima yangu, ataongeza nauli ya kunirudisha nyumbani.

Nilirudi nayo kwa miguu, nimeikumbatia kifuani. Bado ilikuwa na joto la viganja vyake.

Jumamosi, 8 Machi

Nilibandika tangazo kwenye lango la jengo. Amekuja mtu mmoja, wakala wa vitu vingi, amejipaka manukato ambayo nikiandika haya bado yamo kwenye pazia. Alikuwa anatafuna karanga. Hakuacha kutafuna. Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akabonyeza kila kitufe kwa vidole vyenye ngozi nyekundu za karanga, akafungua kamera ajaribu – na uso wake ukajaa pale pale unapokaa uso wa mdogo wangu. Akajitazama meno.

Nilitaka kuufunga mfuniko na pua yake ndani.

Akaniuliza kwa nini nauza kitu kipya. Nikasema macho. Akasema wazee wote husema macho, kisha ukiipeleka kwa fundi unakuta imemwagiwa chai. Kuna nini humu ndani, bibi? Sema tu, mimi si polisi.

Kuna kabati, nilitaka kumwambia.

Alitaja bei iliyomfanya Bwana Waranti aonekane mtawa. Nikafungua mlango nikausimamia. Akitoka akaniambia itazidi kushuka kila siku, kama samaki. Huyo naye na samaki. Nimetoa ngozi za karanga kwenye vitufe kwa sindano.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu alikuja leo kutoka kwake, hakuniambia. Kaleta machungwa na yale maneno yake ya siku zote, "Mama, usianze." Yeye ndiye aliyenishawishi ninunue. "Mama, utamwona mjomba kabla mmoja wenu hajaondoka." Hivyo ndivyo wanavyoongea siku hizi, waziwazi, kama wanapanga safari.

Kwa hiyo saa kumi tulikaa wawili mbele ya kijicho.

Mdogo wangu ametundika shuka nyuma yake. Shuka la maua. Akasema ni kwa ajili ya jua la baraza. Jua hilo halikuwa na kivuli. Uso wake mtupu bila ndevu una ngozi nyororo ya kidevu kama ya mtoto, na mikunjo mingine yote ya mzee, imekaa vibaya, kama herufi za saizi mbili katika mstari mmoja. Akaeleza mpapai. Akaeleza mtu aliyepita na baiskeli. Halafu bega lake la kulia likashuka kidogo, mkono ukatoka nje ya picha, na mlango ukalia.

Nilijua utalia. Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu nikiusubiri. Na ulipolia – naliandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma – kitu kifuani kwangu kililegea, kama kila Jumapili. Kimezoeshwa, kama mbwa na sahani yake. Kinyaa.

Binti yangu akapiga makofi. "Ndio huo mlango, mjomba? Huo wa mama?"

"Ndio wenyewe, mwanangu."

"Basi Jumapili ijayo tutembeze. Chukua simu, zunguka nayo nyumba nzima. Mimi naisikia nyumba hiyo tangu niko tumboni na sijaiona hata ukuta."

Nilikuwa na muda wa kumkatisha. Ningesema mjomba wako ana mgongo, ningesema mtandao. Sikusema. Nilimtazama mdogo wangu, nikitaka nione atatokaje. Nilitaka atoe jasho. Lilitoka, liliteremka kutoka kwenye kofia, likapita penye ndevu zilizokuwapo.

"Bila shaka, mwanangu," akasema. "Jumapili. Nitafagia kwanza."

Akanitazama mimi. Si kamera, aliutazama uso wangu kwenye skrini yake, kwa hiyo macho yake kwangu yalikuwa yameinama. Hata kutazamana hakuwezekani kwa chombo hiki.

Binti yangu anasafisha vikombe jikoni anaimba. Nami nipo hapa na ushindi wangu, na unanuka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia binti yangu kabla hajaondoka kwamba naiuza. Alidhani ni mzaha. Kisha akachukia kweli. Umeitumia mwezi haujaisha, unataka kuitupa nusu bei, kwa nini, mama, nani amekuudhi? Ungeniambia huitaki tangu dukani. Nilikwambia chukua ya rangi ya fedha, ukataka nyeusi.

Nikasema inanichosha. Akasema kila kitu kinanichosha kisichokuwa cha zamani. Nyumba ile ile, mlango ule ule, tangu anakumbuka. Darasani wenzake walikuwa na nyumba wanazokwenda likizo, yeye alikuwa na mlango unaolia kwenye simu ya mama yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema akifunga kamba za viatu.

"Niachie walau mpaka Jumapili. Niione mara moja. Halafu uza, gawa, fanya jiko."

Ningemwambia. Neno moja tu, haipo. Nimemtazama utosi wake alivyoinama, mvi mbili tatu, sikujua anazo. Nikasema tutaona.

Lazima iondoke kabla ya Jumapili. Ana simu yake ya kuonana, lakini namba ya mjomba wake ninayo mimi, na hajawahi kuiomba.

Jumatano, 12 Machi

Yamezidi.

Binti wa mdogo wangu amepiga simu, sauti ya chini, nadhani amejificha ngazini. Baba hajatulia tangu Jumapili. Anatoka asubuhi na fimbo, anazunguka mitaa ya zamani iliyosalia, anabisha hodi kwa watu asiowajua. Anatafuta nyumba.

Anatafuta nyumba ya kuigiza nyumba! Yenye baraza, ngazi, ua nyuma. Anawaeleza wenyewe kwamba ana dada mgonjwa nchi za watu na anaomba kuzunguka na simu, nusu saa tu Jumapili alasiri. Wengi wamemfukuza, wakidhani ni mbinu ya wezi kukagua vyumba. Mwanamke mmoja mjane amekubali. Nyumba yake, anasema binti, inafanana kidogo ukikaza macho. Ngazi ziko upande mwingine. Mzee amemwomba mwenye nyumba aondoe kalenda ukutani, na asikaange kitu saa hiyo.

"Na mlango?" nikauliza. Sikutaka kuuliza.

"Mlango wao ni wa chuma, shangazi. Haulii. Amesema atalia yeye mwenyewe, kwa mdomo, ameufanyia mazoezi. Majirani wamekuja kugonga."

Nilikata simu kwa sababu nilianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani.

Nimejaribu kuiona hiyo Jumapili. Mimi na binti yangu hapa, mabega yamegusana. Yeye kule anapita vyumba vya mjane, anasema hapa alilala mama, hapa baba alikuwa anaweka redio. Na mimi nikisema naam. Nikisema, ehe, hapo, kumbe bado kuna ile ndoano ukutani. Kwa sababu nitasema, najijua. Nitamwonyesha mwanangu kitanda cha mwanamke nisiyemjua, nitamwambia, mimi nilizaliwa hapo.

Si yeye peke yake atakayekuwa anaigiza. Hilo ndilo lililonipeleka sinki la jikoni, nikanawa mikono tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata mnunuzi. Muuguzi wa ghorofa ya pili, yule mwenye viatu vyeupe visivyo na sauti. Anataka kusoma kozi ya ukunga kwa mtandao. Alipanda jioni akitoka zamu, akaomba sabuni, akanawa mikono kwenye beseni langu, akaikausha, ndipo akaishika. Ningempa bure kwa hilo tu.

Hakuuliza kwa nini nauza. Aliuliza kama betri inakaa. Bei aliyoitaja ni chini ya ile aliyokubaliana na dhamiri yake, nadhani, maana aliona haya. Ni zaidi ya Bwana Waranti, kidogo. Hasara ni hasara. Nikakubali. Atakuja Jumamosi alasiri na fedha.

Akiwa mlangoni akasema, "Mama, kama kuna picha zako humu, zihamishe kwanza." Nikasema hakuna picha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeisafisha kwa pamba na spiriti. Mfuniko, vitufe, kijicho. Imerudi kuwa kama haikuwahi kuwa ya mtu. Nilitafuta cha kufuta ndani, hamna, isipokuwa orodha ya simu zetu: jina lake, jina lake, jina lake, jina lake.

Nilipokuwa nasugua nilijaribu kuukumbuka mlango wenyewe. Ule wa mninga, wenye komeo la kamba, wenye doa la mafuta pale mama alipokuwa anausukuma kwa nyonga akiwa amebeba sufuria. Rangi naiona. Doa naliona. Nikasema sasa niusikie unavyofunguka.

Nilisikia kabati.

Nikarudia, nikamweka mama na sufuria, nikamfanya asukume. Kabati. Bawaba zile za soko, zenye chumvi. Mdogo wangu amekaa hapo kwenye kumbukumbu yangu kama mpangaji, ametoa vitu vyangu nje, na hajui hata kama amehamia. Sina tena wa kumuuliza mlango ulikuwa unaliaje. Wa kumuuliza ni yeye tu, naye atanifungulia kabati.

Ninampenda na sijawahi kumchukia mtu hivi.

Jumamosi, 15 Machi

Muuguzi atakuja saa kumi. Sasa ni saa tisa na zaidi. Nimeiweka mezani, boksi lake pembeni, chaja imefungwa vizuri kwa uzi. Nilifungua mfuniko mara ya mwisho kuhakikisha inawaka.

Ikalia.

Jumamosi hatuongei. Hajawahi kupiga Jumamosi. Nilidhani amekufa, na binti yake ndiye anayepiga kwa simu yake. Nikabonyeza.

Alikuwa yeye. Hana kofia. Ndevu zimeanza kuota, nyeupe kabisa, kama unga. Shuka la maua halipo. Chumba chote kipo, kitanda, dirisha na ukuta wake, kabati. Hakulificha.

"Uko peke yako, dada?"

"Niko peke yangu."

"Mwanao hayupo?"

"Hayupo. Kuna nini?"

Akapangusa mdomo. "Leo nimekwenda nyumba fulani. Kwa watu. Nimesimama chumbani kwao kujaribu maneno nitakayosema kesho. Nikasema, hapa alilala mama. Mwenye nyumba akaniuliza, mama yako alikuwa nani, mzee? Alikuwa ananiuliza kwa wema tu. Sikuweza kumjibu, dada. Nilitoka. Nimesahau fimbo kule."

Ningeweza kumsaidia, ningesema najua. Sikusema, ingawa leo sikutaka atoe jasho.

"Vaa miwani," akasema.

"Nimevaa."

"Na mwanao kesho nitamwambia mwenyewe. Lakini wewe kwanza, nikupeleke barazani kwa baba. Ni hapa karibu, nyuma ya kituo cha mafuta. Usiseme kitu mpaka tufike." Na baadaye kidogo, akitafuta viatu chini ya kitanda, sauti inatokea huko chini, "Utanitukana tukifika. Kuna pa kukaa, nitakaa nikusikilize."

Nikamwambia avae soksi.

Ametoka na simu mkononi. Ngazi, kuta, mwanga, pumzi yake. Ananishika chini, hajui kushika, kwa hiyo naona suruali yake na lami. Nimesikia magari mengi, na yeye akimwambia mtu, samahani, napita na dada yangu.

Halafu mtandao ukaganda.

Hodi. Ni muuguzi, amewahi. Naujua ubishaji wake, vidole viwili. "Mama? Ni mimi, mama. Nimekuja nazo zote." Nimeinuka nimekaa. Nimechukua kalamu ili mikono yangu isishike mlango wala mashine. Nimemwambia nakuja. Anasema hana haraka, yuko hapo hapo.

Kiduara kinazunguka katikati ya skrini. Nyuma yake ni kiatu cha mdogo wangu, cha kahawia, kisigino kiko hewani, na mbele yake kipande cha barabara pana kuliko nilivyodhani.